Kompyuta ikizimika, hasara ni ya nani?

Aprili 2006 makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Waingereza, waliletewa taarifa ambayo ingemkera hata mtu mpole. Tangu Februari kompyuta zao za nyumbani zilikuwa zikipiga hesabu za hali ya hewa ya dunia nzima, siku baada ya siku, kuanzia mwaka 1920 kuelekea 2080. Kompyuta yenye nguvu ilikuwa imekwenda mbali, ile kongwe ilikuwa inajikongoja. Taarifa yenyewe ilisema hivi kwa ufupi: kuna faili moja lenye kasoro, hesabu zenu zina walakini, tafadhali anzeni upya. Kutoka 1920.

Kila nikiisimulia habari hii kwa wenzangu kwenye chumba cha habari, swali linalokuja ni lile lile: "Sasa umeme wao nani aliwalipa?" Hakuna aliyewalipa. Walikuwa wamejitolea. Lakini swali lenyewe ni zuri kuliko linavyosikika, na nimegundua kwamba ukilifuata unapata historia ya miradi hii ambayo haisimuliwi sana. Huwa tunasimuliwa ukubwa wake tu, kompyuta milioni ngapi, nguvu kiasi gani. Kwa maoni yangu kazi ngumu zaidi ilikuwa nyingine kabisa: kazi ikipotea njiani, nani abebe hasara, na ili isipotee, nani atoe nafasi kwenye diski yake.

Kwa wasioifahamu hadithi, nianze mwanzo. Kompyuta ya kawaida muda mwingi haifanyi kitu. Unaandika barua, unafikiri, unakwenda kunywa chai, yenyewe inakusubiri. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha mradi wa GIMPS, uliowaomba watu wautumie muda huo kusaka namba tasa za Mersenne, zile kubwa za kutisha. Mwaka 1997 wakaja distributed.net na kazi ya kuvunja usimbaji kwa kujaribu ufunguo mmoja mmoja. Halafu tarehe 17 Mei 1999 Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kikazindua SETI@home, na hapo ndipo mambo yalipolipuka. Darubini ya redio ya Arecibo, kisiwani Puerto Rico, ilikuwa ikinasa mawimbi kutoka angani, na wewe nyumbani kwako ulipewa kipande chake ukitafute kama kina dalili ya viumbe wengine. Watu zaidi ya milioni tano walijiunga kabla toleo hilo la kwanza halijafungwa Desemba 2005.

Angalia jinsi kipande chenyewe kilivyokuwa kidogo. Sekunde 107 za mawimbi, faili la kama kilobaiti 340. Lilipita hata kwenye modemu ya simu. Programu ilikuwa ikiandika kwenye diski mahali ilipofikia, kama msomaji anavyokunja ukurasa, kwa hiyo ukizima kompyuta ulipoteza kidogo tu. Na kama diski yako ilikufa kabisa, au ulichoka ukaifuta programu, Berkeley hawakuumia. Kipande kile kile kilipelekwa kwa mtu mwingine. Vipande havikutegemeana: cha kwako hakikuhitaji kujua cha jirani kimekwishaje.

Kazi inaweza pia kupotea mahali ambapo hakuna aliyetazamia. distributed.net walikuwa na shindano liitwalo RC5-64. Lilichukua siku 1,757 na watu 331,252 walishiriki. Ufunguo sahihi ulipatikana kwenye kompyuta moja ya Tokyo na kutumwa tarehe 14 Julai 2002. Lakini huko makao makuu kijiprogramu kilichotakiwa kupiga kengele kilikuwa kimeharibika. Jibu likakaa kwenye seva, kimya, mpaka tarehe 12 Agosti lilipoonekana. Siku 29! Siku zote hizo watu dunia nzima waliendelea kuchoma umeme wakitafuta kitu kilichokwisha kupatikana. Hapo hakuna diski iliyojaa wala umeme uliokatika kwa mtu. Mwenye mradi ndiye aliyelala.

Haya, sasa tuje kwenye hali ya hewa, maana hapo ndipo penye kazi.

Mwaka 1999 mwanafizikia Mwingereza Myles Allen aliandika kwenye jarida la Nature akipendekeza utabiri wa tabianchi ufanywe na watu wa kawaida majumbani. Wazo lilikuwa zuri, tatizo ni kwamba hali ya hewa haikatiki vipande kama mawimbi ya Arecibo. Huwezi kumpa mtu wa Leeds mwaka 1950 na mtu wa Toronto mwaka 1951 halafu ukaunganisha. Mwaka 1951 unaanzia pale 1950 ulipoishia, na huo unaanzia pale 1949 ulipoishia. Ni mnyororo. Unachoweza kugawa ni dunia nzima nzima: huyu mpe dunia ambayo mawingu yake yana tabia hii, yule mpe dunia yenye mawingu ya tabia nyingine, kila mmoja aiendeshe mwanzo hadi mwisho, halafu tuone zinatofautianaje.

Na dunia moja ni mzigo. Mfumo waliotumia, wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, uligawa uso wa dunia katika gridi ya 96 kwa 73, yaani nukta 7,008, na juu ya kila nukta tabaka 19 za hewa. Kila hatua ya hesabu ni nusu saa. Mwaka wao una siku 360, miezi yote siku thelathini thelathini (Februari wangeipenda). Ukipiga hesabu ya miaka 160, kutoka 1920 mpaka 2080, unapata hatua 2,764,800. Moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Mradi huo, climateprediction.net wa Oxford, ulifunguliwa kwa umma Septemba 2003. Kazi za mwanzo zilikuwa za miaka 45, katika awamu tatu za miaka 15, na zilichukua wiki hadi miezi kwenye kompyuta ya kawaida ya wakati ule. Miezi! Fikiria ni mara ngapi kompyuta ya nyumbani inazimwa kwa miezi miwili. Mtoto anaizima. Umeme unakwenda. Windows inagoma. Bila kuhifadhi kazi, ingekuwa sawa na basi la Mwanza kupata pancha Singida halafu abiria mnaambiwa mrudi Mbezi mkapande tena.

Dawa yake ni chekipointi, nayo kimaelezo ni rahisi. Programu inasimama kidogo, inaandika hali yake yote kwenye diski, inaendelea. Ikizimwa, itaamkia hapo. Ila kwa dunia nzima "hali yote" maana yake ni joto, upepo, unyevu na mgandamizo wa kila kisanduku kwenye gridi. Huo si ukurasa uliokunjwa tena, ni kitabu kizima kinachonakiliwa upya kila mara. Ukihifadhi mara kwa mara, diski inakereketa na kompyuta inakuwa nzito, mwenye nyumba anachukia anakufukuza. Ukihifadhi kwa nadra, kila ikizimwa unarudi nyuma sana. Wao walichagua kuhifadhi kila baada ya siku chache za dunia hiyo ya kwenye kompyuta. Juu ya hapo kulikuwa na matokeo yenyewe yaliyorundikana yakisubiri kutumwa. Mamia ya megabaiti yalikaa kwenye diski ya mtu kwa miezi, enzi ambazo gigabaiti 40 ilikuwa diski ya kujivunia.

Kilichonifurahisha ni walichofanya watu wenyewe. Waliona dunia zao zinakufa zikiwa zimebakiza kidogo, wakazua utaratibu: kila baada ya siku kadhaa unasimamisha programu, unanakili folda yote mahali pengine, unaiwasha tena. Dunia ikifa, unarudisha nakala. Hapo mtu anatoa diski mara mbili kwa kazi ambayo si yake. Wenye mradi nao wakawa na ujanja wao. Programu ilituma taarifa fupi kwa seva kila ilipopiga hatua fulani, na kwa kila taarifa mtu alipewa pointi. Kwa hiyo dunia ikifa katikati, jasho la nyuma lilikuwa limehesabiwa. Ila taarifa hiyo haikubeba dunia yote. Seva ilijua kwamba ulifika mwaka fulani, lakini haikuweza kukurudisha hapo. Diski yako ikifa, dunia yako imekufa, ukabaki na pointi.

Na bado walifika. Januari 2005 Nature ilichapa matokeo ya kwanza: dunia 2,578 zilizochambuliwa, kutoka mradi uliokuwa na washiriki zaidi ya 90,000 katika nchi 140. Hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, joto katika dunia hizo lilipanda kuanzia chini kidogo ya nyuzi 2 hadi zaidi ya 11. Hakuna kompyuta kubwa ya wakati ule ambayo mtu angepewa kwa ajili ya kuendesha dunia nyingi kiasi hicho.

Katikati ya hapo, mwaka 2004, mradi ulihamia kwenye programu ya BOINC, na hii lazima niisemee kidogo. Ilianza kutengenezwa Berkeley mwaka 2002 chini ya David Anderson, yule yule wa SETI@home, ili kila mwanasayansi asijenge mtambo wake upya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. BOINC ni mgeni anayekuja na jembe lake mkononi, lakini anataka kulala kwako mwaka mzima, kwa hiyo masharti lazima yawepo. Ukifungua mipangilio yake unayakuta: atumie gigabaiti zisizozidi ngapi, asizidi asilimia ngapi ya diski, aache nafasi kiasi gani bila kuigusa, asiandike kwenye diski mara nyingi kuliko kila sekunde ngapi (ukiiacha kama ilivyo, sekunde 60).

Kuna kisanduku kimoja pale ambacho wengi hukipita bila kukisoma. Kinauliza kama kazi ikisimamishwa ibaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Usipokitia alama, wewe ukirudi kwenye kiti na kugusa kipanya, kazi inaondolewa, na itakaporudi itaanzia kwenye chekipointi ya mwisho. Hasa miaka ile ya mwanzo, mtu aliyekuwa akigusagusa kompyuta yake mchana kutwa aliweza kujikuta anarudia dakika zile zile mara nyingi, akishangaa mbona asilimia haipandi.

Halafu kuna sheria iliyowaliza watu. Kila kazi inakuja na kikomo chake cha diski, kilichowekwa na wanasayansi wenyewe. Mafaili ya kazi yakipita kikomo hicho, BOINC inaiua. Haiulizi imefika asilimia ngapi. Iwe 3, iwe 99, inakufa na kuandikwa kosa la kuzidisha diski. Mimi naitetea sheria hii. Ni katili, ndiyo, lakini bila hiyo programu moja yenye kasoro ingejaza diski ya mtu asiyejua lolote, na huyo asingerudi tena. Anayestahili lawama ni aliyepanga kikomo bila kupima kazi yake vizuri. Tatizo ni kwamba lawama iko kwake na hasara iko kwa mwenye kompyuta.

Turudi sasa kwenye ile taarifa ya Aprili 2006. Februari mwaka huo BBC walishirikiana na Oxford kuanzisha jaribio kubwa zaidi, lile la miaka 160, safari hii bahari nayo ikiwa na hesabu zake. Televisheni ilitangaza, watu wakamiminika. Kwenye dunia hizo kulikuwa na faili la salfeti, chembechembe zinazotoka viwandani na kuakisi mwanga wa jua, hivyo kupoza dunia kidogo. Faili hilo halikuwa likiingia kwenye hesabu inavyotakiwa. Matokeo yake dunia zote zilikuwa zinapata joto haraka kuliko ilivyopaswa.

Hapa ndipo unapoona mwisho wa nguvu za chekipointi. Inakukinga na umeme, na mtoto, na Windows. Haikukingi na pembejeo mbovu, kwa sababu inahifadhi kosa kwa uaminifu ule ule inaohifadhi ukweli. Wale waliokuwa wakinakili folda zao kwa bidii walikuwa na nakala salama kabisa za dunia isiyo sahihi. Hakukuwa na pa kurudi isipokuwa mwanzo.

Nafanya kazi kwenye gazeti, najua masahihisho huwekwa wapi: chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Oxford waliwaambia watu wote waziwazi, na mapema, kabla mashine hazijachoma miezi mingine. Nawapa heshima hiyo. Dunia zile zenye kasoro nazo hawakuzitupa. Zilionyesha joto lingekwendaje kama kusingekuwa na salfeti ya kulizuia, swali ambalo lina maana yake japo silo waliloahidiwa watu. Lakini wanaosema kwamba hakuna kilichopotea wanapamba. Mtu aliyeacha kompyuta ikiwaka usiku kucha kwa wiki nane alilipa, na aliyemlipisha hakuwa yeye.

Waliobaki wakaanza tena. Machi 2012 matokeo yao yalichapishwa katika Nature Geoscience: kufikia 2050 dunia ingeongezeka joto kati ya nyuzi 1.4 na 3, ukilinganisha na wastani wa 1961 hadi 1990. Miaka sita tangu wawashe mashine.

Sisi huku tumo kwenye historia hii, ingawa hatutajwi sana. Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, iliyokuwa Basel, ndiyo iliyofungua maabara Ifakara mwaka 1957, iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 2000 taasisi hiyo ya Basel ilianzisha malariacontrol.net, ukaendeshwa hadi 2016. Ulikuwa unaunda watu wa kwenye kompyuta, wanaumwa na mbu, wanaugua, wanajenga kinga, wanapewa vyandarua au chanjo, kisha unatazama kinachotokea. Miongoni mwa takwimu za kuumwa na mbu zilizoingizwa ni za Namawala, kijiji cha bonde la Kilombero. Kwa hiyo kuna Wajerumani na Wamarekani ambao diski zao zilibeba mbu wa Namawala bila wao kujua pako wapi.

Kazi zake zilikuwa za saa, si za miezi, na hazikutegemeana. Umeme ukikatika unapoteza kidogo. Naona hilo ni kubwa kuliko suala la ufundi. Kumbukeni mgawo wa 2006, maji ya Mtera yalivyokauka, mji unakaa gizani mchana kutwa. Mtu wa Dar angeweza kumaliza kazi ya saa kadhaa kati ya mgawo na mgawo. Dunia ya miaka 160 ingemshinda, au ingemchukua miaka. Mwanasayansi anapoamua kazi iwe ndefu kiasi gani na ihifadhiwe mara ngapi, anaamua pia nani duniani anaweza kushiriki, hata kama hajawahi kulifikiria hivyo. Mwaka 2007 wanasayansi wa Kiafrika walifundishwa kutengeneza miradi ya namna hii pale AIMS, Muizenberg, karibu na Cape Town. Ni hatua nzuri, maana aliyezoea mgawo hasahau chekipointi.

Namalizia na wale wa namba tasa, maana wamefanya jambo ambalo wengine hawakulifikia. Kwa miaka mingi GIMPS walipima kila namba mara mbili, kwenye kompyuta mbili tofauti, mara nyingi kipimo cha pili kikifuata miaka baadaye. Kisa? Kompyuta moja inaweza kukosea hatua moja kati ya mamilioni na hakuna wa kujua. Nao mnyororo wao ni kama ule wa hali ya hewa, kila hatua inategemea iliyopita. Mwaka 2017 Robert Gerbicz, Mhungaria, alibuni ukaguzi unaonasa kosa likiwa bichi, programu ikarudi kwenye hatua ya mwisho iliyo safi. Nakala mbovu haihifadhiwi tena kwa uaminifu.

Kisha mwaka 2020 wakaongeza uthibitisho. Programu inapokwenda huhifadhi kwenye diski baadhi ya thamani za njiani, na mwisho huzitumia kutengeneza faili dogo linaloonyesha kwamba kazi kweli ilifanyika sawasawa. Mkaguzi wa upande wa pili hafanyi hata asilimia moja ya kazi ile. Kipimo cha pili kikafutwa, na umeme wake. Bei yake ni diski: kwa namba yenye biti milioni 100, kila thamani ni megabaiti 12.5, ukihifadhi 256 unafika gigabaiti 3.2, zinazofutwa uthibitisho ukishapatikana.

Mwenye diski ndogo hakufukuzwa. Programu inamuuliza mwanzoni yuko tayari kutoa gigabaiti ngapi. Akitaja chache, inahifadhi thamani chache, na kazi ya ziada inamwangukia mkaguzi.